Likizo hii tuwapeleke wapi watoto wakazungumze Kiingereza? Entebbe, makumbusho, Jinja na Ikweta kwenye mizani moja

Likizo ikikaribia, akina mama tunaosalimiana kwa Kiswahili getini mwa shule hapa Kampala huulizana swali lile lile: safari hii watoto mnawapeleka wapi? Wengi wetu tuna hela ya matembezi ya siku moja kwa likizo nzima, siku mbili tukijibana sana, na tunataka hela hiyo ifanye kazi mbili. Watoto wafurahi, na Kimombo kisogee.

Tuna sababu. Sisi tulihama Bukoba kifungua mimba wetu akiwa darasa la tano katika shule ya serikali, ambako kila somo hufundishwa kwa Kiswahili isipokuwa Kiingereza chenyewe. Hapa akakuta hesabu kwa Kiingereza, sayansi kwa Kiingereza, hata kukemewa kwa Kiingereza. Akarudishwa darasa moja nyuma, na muhula mzima akakaa darasani kama maji mtungini. Mtihani wa kumaliza darasa la saba una karatasi nne: Kiingereza, hisabati, sayansi na maarifa ya jamii. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili kwenye katiba ya Uganda tangu 2005, lakini kwenye karatasi hizo nne hakimo. Kwa hiyo mtoto wa Kiswahili hana pa kukwepea.

Wapo wanaotatua jambo hili kwa tuisheni ya likizo. Nimejaribu. Mtoto alirudi na daftari limejaa sarufi na mdomo uko pale pale ulipokuwa. Tangu hapo nimeweka imani yangu kwenye matembezi, ila nayo nimejifunza kuyachagua, kwa sababu si kila pazuri panamfanya mtoto aseme.

Kabla sijauliza nauli wala kiingilio, najiuliza hivi: huko tuendako kuna kitu mtoto wangu atakitaka, na hawezi kukipata mpaka aseme Kiingereza? Mahali ambapo jibu ni hapana, tunakwenda kwa kufurahi tu, na kufurahi si dhambi. Lakini sidanganyi mtu kwamba ni masomo.

Entebbe, kwa wanyama

Bustani ya wanyama ya Entebbe, ambayo kila kondakta anaijua kwa jina la Zoo, iko kama kilomita 40 kutoka Kampala. Ilianza mwaka 1952 kama makao ya wanyama yatima, na mpaka leo inapokea wanyama waliookolewa. Kwa anayetafuta lugha, hilo ndilo la maana kuliko simba mwenyewe, maana mnyama aliyeokolewa ana hadithi. Alitoka wapi? Nani alimkuta? Mama yake alipatwa na nini? Mtoto ana la kuuliza bila wewe kumtungia.

Safari yetu ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Niliwapa kila mmoja daftari na orodha ya maneno 20 ya kutafuta. Mtoto wa kati, aliyekuwa na miaka tisa, alinakili maneno yote kutoka kwenye vibao kwa nusu saa, akafunga daftari, akauliza tunakula saa ngapi. Sokwe hakumwona. Alikuwa amemsoma.

Safari ya pili tulimchukua bibi yao, aliyekuja kutusalimia kutoka Bukoba. Bibi hajui Kiingereza hata cha kuombea maji, na ana maswali. Tuliposimama mbele ya simba, akamgeukia mjukuu: "Muulize huyo kijana, hawa wanakula nyama ya nini, na nani anailipia?"

Mtoto akameza mate, akamwendea mtunza wanyama: "My grandmother is asking, the lion eats which meat? And who pays him?"

Kijana akacheka. "Pay the lion?"

"No! Pay the meat." Akasita, akatazama juu. "Pay *for* the meat."

Nilisimama pale nikijizuia kushangilia. Kwa Kiswahili kazi hiyo inafanywa na herufi moja ndani ya kitenzi, lipa na lipia, na mwalimu anaweza kuieleza wiki nzima isiingie. Iliingia kwa sababu kijana wa watu alidhani simba anapokea mshahara. Kisha jibu likarudi kwa njia ile ile, kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, bibi akalichambua, akatoa swali jingine. Saa moja mtoto alikuwa mkalimani, na hakuna aliyemwambia kwamba anasoma.

Basi huu ndio ushauri wangu mkubwa kuliko wote humu: nendeni na mtu asiyejua Kiingereza. Bibi, babu, shangazi aliyefika juzi, yeyote anayeuliza bila aibu. Wewe mzazi unayejua hufai kazi hiyo, mtoto anajua kwamba unaigiza. Kuna tahadhari moja. Mara iliyofuata tulimkuta mtunza wanyama Mnyankole, na Kihaya na Kinyankole ni ndugu wa karibu; bibi akasalimia kwa Kihaya, wakaelewana, wakaanza habari za migomba. Mkalimani wetu akakosa kazi, akaomba hela ya aiskrimu.

Zoo ina faida nyingine ambayo wasemaji wa Kiswahili tunaihitaji kuliko majirani zetu wanavyodhani. Kwetu yeye ni yeye, awe mume awe mke. Watoto wangu wote watatu walimwita mwalimu wao wa kike "he" kwa muda mrefu, na wenzao wakacheka. Pale Entebbe sokwe wana majina, na wanaowatunza huwataja kwa "he" na "she" kila sentensi, huku kidole kikionyesha nani ni nani. Kitinda mimba wetu alianza kusahihisha kaka zake siku hiyo hiyo.

Na yuko yule ndege mkubwa wa kijivu wa kwenye matope, mwenye mdomo kama kiatu. Kwa Kiingereza anaitwa "shoebill", na "bill" ni mdomo wa ndege. Mtoto akilipasua neno hilo mwenyewe mbele ya ndege mwenyewe, anagundua kwamba Kiingereza kina tabia ya kuunganisha maneno mawili, na atarudi nyumbani akipasua mengine. Ndege huyo akiinamisha kichwa na kugongesha mdomo wake, bibi alisema anasalimia. Sikuwa na sababu ya kumbishia.

Makumbusho, kwa mtoto mwenye haya

Makumbusho ya Taifa yapo Kampala penyewe, barabara ya Kira. Yalianzishwa mwaka 1908, na jengo la sasa ni la 1954. Hayataki safari ndefu, mvua haiwaharibii siku, na katika sehemu zote ninazozilinganisha hapa ndiyo yasiyotikisa mfuko.

Kwa kuzungumza, yako nyuma ya Zoo. Vitu viko kwenye makabati, vimetulia, vina maandishi, na mtoto anaweza kuzunguka kote bila kufungua mdomo. Lakini hicho hicho ndicho kinachomfaa mtoto wa aina fulani. Kifungua mimba wetu alikuwa anasoma Kiingereza vizuri kuliko alivyokisema. Mbele ya mtu alikuwa akiganda. Makumbusho yalimpa muda. Alisoma kibao, akarudia kwa sauti ya chini, akaenda kingine. Tulikubaliana kila mtu achague kitu kimoja tu, akijue, na njiani kurudi atuelezee bila karatasi. Alichagua visukuku, kwa sababu kaka mtu lazima achague mifupa.

Chumba cha ala za muziki ndicho ningekitembelea hata bila watoto. Hapo mtoto wa kati alikwama kwenye neno ngoma. Kwetu ngoma ni ile ya ngozi inayopigwa, na ngoma ni ile inayochezwa. Kiingereza kinataka "drum" kwa hii na "dance" kwa ile. Mwongozaji alimsikia akisema watu "wanacheza drum", akamwonyesha kwa mkono na kwa kiuno tofauti ni ipi. Nyuma ya jengo kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Uganda, na huko watoto wanalegea, wanaingia na kutoka, wanauliza nani alilala wapi. Mwombeni mwongozaji tangu mlangoni. Mkizunguka peke yenu mtazungumza Kiswahili mwanzo mpaka mwisho, nami sitawalaumu.

Jinja, kwa hadithi

Jinja ni kilomita 80 hivi, ila msizihesabu kwa kilomita. Zihesabuni kwa foleni ya kutoka Kampala. Njiani mnapita msitu wa Mabira, na kabla yake wauzaji wa Namawojjolo, ambao wanalizingira gari na kuku wa mshikaki na gonja, yaani ndizi mzuzu za kuchoma, hata kabla ya gari kusimama. Hapo Kiingereza kinalala. Ni Kiganda kitupu, na anayechelewa kujibu anajikuta na kuku wawili.

Kiingereza kinaanza kwenye mashua, pale Mto Nile unapotoka ziwani. Mwongozaji ana hadithi yake, na hadithi hiyo yote iko wakati uliopita: Speke, Mwingereza anayesemwa kwamba ndiye aliyegundua chanzo cha mto huu, alifika hapa mwaka 1862, kulikuwa na maporomoko, likajengwa bwawa la Owen, likazinduliwa mwaka 1954, maporomoko yakamezwa na maji. Sehemu ya majivu ya Gandhi ilimwagwa mtoni mwaka 1948, na sanamu yake ipo. Mtoto anayehangaika na vitenzi vya Kiingereza vinavyobadilika sura, "go" ikawa "went", "see" ikawa "saw", hapa anavisikia vikifanya kazi kwa nusu saa nzima, na kila kimoja kimefungwa kwenye kitu anachokiona.

Sisi tulipofika kwenye habari za Speke, kifungua mimba, yule bubu wa muhula mzima, aliinua mkono kama yuko darasani. Alitaka kujua kama watu waliokuwa wakiishi pale hawakuwa wameuona mto. Kiingereza chake kilikuwa na viraka, lakini mashua nzima ilielewa, na mwongozaji alipunguza mwendo ili ampe jibu refu. Aliongea naye mpaka tukateremka.

Tofauti ya Jinja na Entebbe, basi, ni umri. Mtoto wa miaka mitano kwenye mashua anatazama maji na kuuliza kama kuna mamba. Hadithi ya Speke inampita juu ya kichwa. Kwa wa miaka 10 kwenda juu, mwenye kitu cha kubishania, Jinja inazidi Zoo. Gharama nayo inazidi, maana kuna nauli, mashua, na chakula cha kutwa. Elewaneni bei ya mashua kabla hamjapanda, na mwulizeni kama mwongozaji yumo kwenye bei hiyo. Kuna siku tulipanda tukapata nahodha mkimya, tukazunguka mtoni kama tunaosindikiza jeneza.

Ikweta, kama mnapita

Kwa sisi wa Bukoba Ikweta iko njiani, pale Kayabwe, barabara ya Masaka iendayo Mutukula. Kuna yale maduara mawili meupe ya kupigia picha, na kuna vijana wenye mabeseni wanaowaonyesha kwamba maji yanazunguka upande huu kaskazini, upande ule kusini, na katikati yanashuka moja kwa moja.

Maelezo yao ni ya kukariri, neno kwa neno, kila gari linaposimama. Usidharau. Mtoto mdogo anayesikia maelezo yale yale yakirudiwa kwenye mabeseni matatu anaondoka nayo kichwani. Kitinda mimba wetu aliyatoa yote mbele ya bibi yake Bukoba, pamoja na mikono. Tatizo ni kwamba sayansi yenyewe si ya kweli. Nguvu ya mzunguko wa dunia ni ndogo mno kuyageuza maji ya beseni. Kinachoyageuza ni jinsi yanavyomiminwa. Kwa mtoto mkubwa geuzeni jambo hilo kuwa faida: mwambieni ukweli mkiwa bado garini, kisha ashuke akaulize "Can I pour it myself?" Sentensi moja, ina adabu, na inazua mazungumzo. Kutoka Kampala kwenda na kurudi kwa ajili ya Ikweta pekee, hapana. Ni dakika 20, mengine ni maduka ya vinyago.

Jioni ya ngoma, na mbuga

Kituo cha utamaduni cha Ndere hapa Kampala kina maonyesho ya jioni ya ngoma za Uganda nzima, na kikundi chake kilianzishwa mwaka 1984 na Stephen Rwangyezi. Kinachonipeleka mimi ni maelezo ya katikati ya ngoma na ngoma, ambayo ni Kiingereza chenye utani mwingi. Mtoto haongei pale, anasikiliza tu, kwa hiyo kwa kipimo changu panapungukiwa. Lakini kucheka kwa wakati mmoja na watu wazima ni mtihani ambao haudanganyiki. Mara ya kwanza watoto wangu walicheka baada yetu, wakitutazama sisi. Mwaka uliofuata wa kati alicheka kabla ya baba yake. Wachezaji wa ekitaguriro wanapoinua mikono kama pembe za ng'ombe wa Ankole, hata asiyejua neno anaelewa, na yule aliyekwama kule makumbusho kwenye "drum" na "dance" anaviona vyote viwili jukwaani. Wadogo husinzia kabla ya mwisho, mjiandae kubeba.

Mbuga za taifa, Murchison, Queen Elizabeth na nyinginezo, ni raha tupu, na raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tuna bei yetu iliyo chini ya ya wageni wengine, kwa hiyo msisahau vitambulisho. Kwa lugha peke yake sizipendekezi. Mtoto anakaa ndani ya gari saa nyingi na familia yake, kwa Kiswahili.

Kile Kiingereza cha kwenye taksi

Wapo wazazi wanaoogopa kwamba watoto mitaani wataokota Kiingereza kibovu. Kwenye taksi ya hapa, ambayo kwetu ni daladala, kondakta anasema "extend" akimaanisha sogea. Jirani ambaye hakukuona wiki mbili anakwambia "you are lost". Anayekukuta unafagia anakusalimia "well done", tafsiri ya salamu ya Kiganda ya kumpongeza mtu kwa kazi. Mimi sioni hasara. Watoto wa Kiswahili wanavielewa mara moja, maana na sisi humwambia mtu umepotea, na sisi husema pole na kazi. Ni Kiingereza wanachoweza kukitumia leo, na mtu akawajibu. Wajue tu kwamba kwenye karatasi ya mtihani "extend" haimsogezi mtu.

Sokoni hali ni nyingine. Nimesoma ushauri wa wazungu wa kuwapeleka watoto sokoni wakajifunze majina ya matunda. Hapa Kampala mtoto atajifunza majina ya matunda kwa Kiganda, na bibi yetu wa Kihaya hatahitaji mkalimani kabisa.

Ningekuwa ninyi

Mwenye mtoto mdogo, au watoto wa umri wa kuchanganyika, na siku moja tu, ningekwenda Entebbe, na nisingekwenda bila bibi. Mwenye mtoto mkubwa anayesoma lakini haongei, ningeanza na makumbusho wiki ya kwanza ya likizo, apashe moto, kisha wiki ya mwisho Jinja, atoe. Ndere ningeiweka baada ya makumbusho, si kabla, ili zile ala za kwenye kabati azione zikilia. Ikweta ni ya wanaopita. Na kwa mtoto ambaye ndiyo kwanza amefika na hajui hata salamu, ningesubiri likizo nyingine. Mkalimani asiye na maneno anaaibika tu, na aibu ya mbele ya bibi haisahauliki.

Kwenye safari yenyewe, nyamazeni ninyi wazazi. Mtunza wanyama akiuliza kitu, mtoto akakwama, hesabuni kimya mpaka kumi kabla ya kumsaidia. Mume wangu hufika nne.

Likizo hii ya Agosti bibi anakuja tena kwa basi la Mutukula. Jana alipiga simu akamwomba kitinda mimba, ambaye sasa ana miaka sita, amuulizie yule ndege wa mdomo wa kiatu analala amesimama au amelala chini. Mtoto anaizunguka nyumba tangu asubuhi akijaribu: "Is he sleeping standing?" Dada wa kazi, ambaye naye anajifunza, amemuuliza amejuaje kwamba ni "he". Mtoto amefikiri, kisha amesema atauliza hilo kwanza.